Funga Bahari, Legeza Bara

Likizo ya shule inapokaribia Oman, swali moja huzunguka katika nyumba za Ibra, Sur na Nizwa ambazo Kiswahili bado ni lugha ya barazani na jikoni: tiketi ya Zanzibar mwaka huu bei gani? Wakala hutaja bei, wazee huguna, vijana hufungua simu kutafuta ya chini zaidi, na atakayeipata husifiwa kwa kuokoa riyali ishirini. Wiki tatu baadaye familia hiyo iko Unguja. Harusi ya Mombasa imesogezwa mbele, shangazi wa Bujumbura ni mgonjwa na anaomba wafike kumjulia hali, na ile tiketi iliyosifiwa haibadiliki, hairudishiwi fedha, na inamtaka kila mmoja awe kiwanja cha ndege cha Zanzibar Jumamosi ijayo. Hapo ndipo nauli ya kweli huanza kuhesabiwa, na aghalabu huwa kubwa kuliko ya yule aliyeonekana mjinga kwa kulipa zaidi siku ya kwanza.

Kasoro iko kwenye swali lenyewe. Linauliza bei ya kufika mahali pamoja, ilhali safari za watu hawa ni za nchi mbili, tatu, hata nne. Linachukulia pia kwamba kila msafiri na kila kipande cha safari vina uhakika sawa, jambo ambalo kila aliyewahi kusafiri na familia analijua si kweli. Makala haya yanatetea kanuni moja: anayetoka mikoa ya Sharqiyah au Dakhiliyah huko Oman kwenda kuzungukia jamaa Afrika Mashariki afunge mapema kipande cha kuvuka bahari, kwa tiketi moja inayoingilia mlango mmoja na kutokea mlango mwingine, vipande vya bara aviache vilegee hadi mambo yajulikane, na uhuru wa kugeuza tarehe aununue kwa yule tu ambaye marejeo yake yana shaka. Anayefuata kanuni hiyo hulipa kidogo kwa jumla, hata kama tiketi yake ya kwanza haikuwa ya bei ya chini kabisa sokoni.

Ramani ya koo za watu hawa ndiyo inayolazimisha hesabu ya namna hii. Waharithi na Wabarwani wa Sharqiyah, na koo nyingi za Nizwa na vijiji vya Dakhiliyah, hawakuhamia Unguja wakakaa hapo tu. Walifuata njia za biashara hadi Tabora, Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Muhammad bin Khalfan al-Barwani, aliyejulikana kwa jina la Rumaliza, alikuwa na ngome ya biashara yake Ujiji mwishoni mwa karne ya 19, na nyayo za watu wa aina yake zimebaki Bujumbura, Rumonge na mashariki ya Kongo. Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 yaliwatawanya wengine tena, na baada ya Sultan Qaboos kushika utawala Julai 1970 wengi walirejea Oman. Hawakurejea wote. Ndiyo maana leo mtu wa Ibra anaweza kuwa na kaburi la babu Unguja, dada aliyeolewa Mombasa, binamu wenye maduka Bujumbura na mjomba Dar es Salaam. Akikata tiketi ya kwenda Zanzibar na kurudi, amekata tiketi ya robo tu ya safari yake.

Waliotangulia waliijua hesabu hii kabla ya kuwapo ndege. Sur ilikuwa bandari ya majahazi makubwa. Fath al-Khair, ghanja iliyoundwa hapo mwaka 1951 na kurudishwa nyumbani kutoka Yemen mwaka 1993, bado imewekwa mjini humo watu waione. Nahodha wa zama hizo hakuwa na hiari juu ya pepo: aliteremka na kaskazi, akarudi na kusi, na aliyechelewa msimu alikaa pwani ya Afrika miezi. Alichokuwa na hiari nacho ni bandari. Alan Villiers, baharia wa Australia aliyesafiri mwaka 1938 na 1939 ndani ya jahazi la Kuwait kutoka Aden, aliandika jinsi chombo kilivyoshika pwani ya Somalia, Mombasa na Zanzibar hadi delta ya Rufiji kuchukua boriti, huku shughuli za kila bandari zikiamuliwa kwa soko, abiria na habari zilizopatikana hapo. Msimu ulifungwa, bandari zikaachwa wazi. Aliyejifunga kwa kila bandari tangu Sur angefilisika.

Kwa msafiri wa leo, pepo hizo ni likizo. Ruhusa ya kazi, kalenda ya shule na mkoba wa familia ndivyo vinavyoamua lini mtu avuke bahari, na hivyo havigeuki kirahisi. Njia za kuvukia nazo zinajulikana. Oman Air huruka moja kwa moja baina ya Maskati na Zanzibar na Dar es Salaam. Ethiopian Airlines, kupitia Addis Ababa, hufika Zanzibar, Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi, Entebbe, Kigali na Bujumbura. Qatar Airways hupitia Doha, Emirates na flydubai hupitia Dubai, na kila moja ina milango yake kadhaa Afrika Mashariki. Ratiba hubadilika msimu kwa msimu, lakini jambo la msingi halibadiliki: shirika lenye milango mingi upande wa pili ndilo linaloweza kukuuzia tiketi moja ya kuingilia Zanzibar na kutokea Nairobi, au ya kuingilia Bujumbura na kutokea Mombasa.

Tiketi ya namna hiyo watu wengi huiogopa kwa kudhani ni ya anasa. Mashirika mengi huipanga bei kwa kuchukua nusu ya nauli ya kwenda na kurudi ya mji wa kwanza na nusu ya mji wa pili, wala si kwa kujumlisha tiketi mbili za kwenda tu, ambazo kwa mashirika makubwa mara nyingi huwa ghali. Kwa hiyo tofauti na tiketi ya kawaida huwa ndogo, na pengine haipo kabisa. Kinachookolewa, kwa upande mwingine, ni kikubwa. Familia iliyoingilia Zanzibar ikamalizia Mombasa haina haja ya kurudi Zanzibar ili tu ipande ndege ya kwao. Haikati tena nauli ya Mombasa hadi Unguja kwa watu watano, hailali usiku wa ziada kungoja ndege, na haiingii mara ya pili katika nchi iliyokwishaaga. Mtu akitafuta kwenye simu asiandike safari ya kwenda na kurudi. Achague safari ya miji mingi, aandike kila mji kwa mpangilio wake, kisha alinganishe na bei ya kawaida ikiwa imejumlishwa na gharama zote za kurudi nyuma. Wengi husahau sehemu hiyo ya mwisho, ndiyo maana huona tiketi ya kawaida ni rahisi.

Mpangilio wa nchi una gharama zake pia, nazo hazionekani kwenye bei ya tiketi. Kenya, Uganda na Rwanda zina viza moja ya pamoja ya utalii, ya dola 100 na siku 90, inayomruhusu mgeni kuzunguka baina ya nchi hizo tatu. Tanzania haimo. Mwenye viza hiyo akitoka nje ya nchi hizo tatu, kwenda Unguja kwa mfano, viza yake inakwisha, na anapaswa kuingilia kwanza katika nchi iliyoitoa. Maana yake ni kwamba Tanzania iwekwe mwanzo wa safari au mwisho, isiwekwe katikati. Aliyepanga Nairobi, kisha Zanzibar, kisha Kampala, atalipia mlango mara mbili. Anayekwenda Kenya peke yake naye akumbuke kwamba tangu Januari 2024 kibali cha kuingia huombwa kwa mtandao kabla ya kusafiri. Na tangu Oktoba 1, 2024, mgeni anayeingia Zanzibar hutakiwa kukata bima ya safari ya shirika la bima la huko kwa dola 44, hata kama ana bima nyingine mfukoni. Kwa watu wazima watano hizo ni dola 220. Ziingie kwenye hesabu tangu siku ya kwanza.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano nayo ina uzito wake. Uganda na Burundi huitaka, na Tanzania humtaka nayo anayetoka nchi yenye ugonjwa huo au aliyekaa kiwanja cha nchi hiyo kwa zaidi ya saa 12. Tiketi inayoonekana nafuu kwa sababu inakulaza Addis Ababa usiku kucha na nusu ya siku inayofuata inaweza kukuleta Zanzibar ukiwa umedaiwa kadi ambayo hukuijua. Chanjo huanza kutambuliwa siku ya kumi baada ya kuchomwa, na tangu Julai 2016 kadi yake inahesabiwa ya maisha. Afadhali kuchanja familia nzima mwezi mmoja kabla, mara moja, kuliko kuiacha kadi hiyo ikuchagulie njia.

Sasa upande wa bara. Kishawishi cha kufunga kila kipande tangu Nizwa ni kikubwa, kwa sababu mtu hupenda kuondoka akiwa ameshika karatasi zote. Lakini bara ndiko mambo yanakogeuka. Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake wa nchi kavu na Rwanda, na kila aliyepanga kushukia Kigali kisha apande gari hadi Bujumbura akabaki na tiketi ya mlango usiofunguka. Januari 2025 Goma, mashariki ya Kongo, ilishikwa na waasi wa M23, na kiwanja chake kikafungwa. Hayo ni matukio makubwa. Madogo ni mengi zaidi: harusi inasogezwa, mgonjwa anahamishiwa hospitali ya mji mwingine, jamaa aliyekuwa akingojewa Dar es Salaam anakutwa Tanga. Vipande hivi vya ndani, tofauti na kuvuka bahari, vina njia nyingi na mbadala wa karibu. Baina ya Dar es Salaam na Unguja kuna boti za kila siku za muda wa saa mbili hivi. Nairobi na Mombasa zimeunganishwa kwa reli mpya tangu 2017, na Dar es Salaam na Dodoma tangu 2024. Ndege ndogo nazo zinaruka. Kukosa nafasi siku hii ni kupata kesho au keshokutwa. Kilicho na mbadala mwingi hakina haja ya kufungwa mapema, isipokuwa katika wiki za sikukuu na mwisho wa mwaka, wakati hata boti hujaa.

Neno "kubadilika" linauzwa kwa maana nyingi, kwa hiyo inafaa kuisogelea karatasi yenyewe ya masharti. Tiketi ya chini kabisa ya mashirika mengi husema mambo matatu: hakuna kurudishiwa nauli, hakuna kubadili tarehe au kuna faini ya kubadili, na begi la kupakiwa halimo. Ya kati huruhusu kubadili kwa faini. Ya juu huruhusu kubadili bila faini. Lakini bila faini si bure: kama nauli ya siku mpya ni kubwa kuliko ya zamani, tofauti unailipa, na katika wiki ya Idi tofauti hiyo huizidi faini yenyewe. Kuna sharti jingine ambalo watu hulijua baada ya kuumia: vipande vya tiketi hutumiwa kwa mpangilio. Aliyekosa kupanda kipande cha kwanza bila kutoa taarifa hufutiwa vyote vinavyofuata, pamoja na marejeo. Hivyo mjanja anayekata tiketi ya Maskati, Dar es Salaam hadi Zanzibar akashukia Dar kwa hiari yake asishangae kukuta kiti chake cha kurudi hakipo. Na jambo moja la faraja: hata tiketi isiyorudishiwa nauli, mara nyingi kodi na ada za viwanja zilizomo ndani yake hudaiwa na kurudishwa iwapo safari haikufanyika. Wachache huzidai.

Ukishajua hivyo, hesabu huwa nyepesi. Tuchukue namba za kufikiria tu. Familia ya watu watano. Tiketi ngumu, ile isiyobadilika, ni riyali 150 kwa mtu, na inayobadilika ni riyali 40 zaidi. Ukikosa kurudi siku yako na tiketi yako ni ngumu, utanunua marejeo mapya kwa riyali 130. Ukiwa na inayobadilika, utalipa tofauti ya nauli, tuseme riyali 20. Baba na watoto watatu wana shule na kazi, na uwezekano wa kubadili ni mara moja katika safari kumi. Kwa kila mmoja wao hasara ya kutarajiwa kwenye tiketi ngumu ni riyali 13, wakati tiketi inayobadilika ingewagharimu riyali 42 kwa wastani. Mama amekwenda kumuuguza mama yake, na uwezekano wa yeye kubaki ni nusu kwa nusu. Kwake hasara ya kutarajiwa kwenye tiketi ngumu ni riyali 65, na kwenye inayobadilika ni 50. Jibu liko wazi: mama anunuliwe uhuru wa kugeuza, wengine wasinunuliwe. Familia iliyowanunulia wote watano imelipa riyali 160 zaidi kwa wanne wasiouhitaji, na iliyowanyima wote imemwacha mama na mzigo wa riyali 65. Mtu abadilishe namba kwa bei za siku yake, njia ya kufikiri itabaki ile ile.

Baadhi ya mashirika huruhusu hata kipande cha kwenda kiwe cha masharti magumu na cha kurudi kiwe cha kubadilika ndani ya tiketi moja, na hilo ndilo linalofaa zaidi kwa watu hawa. Siku ya kuondoka Oman inajulikana, siku ya kurudi ndiyo yenye neno. Lakini ni lazima kuuliza kwanza, kwa kuwa mashirika mengine huchukua sharti gumu la kipande kimoja na kulipitisha juu ya tiketi yote. Mwezi mwandamo huongeza uzito wa swali hilo. Mwaka 2025 Saudi Arabia ilisali Idi ya Fitri Machi 30, na Oman ikasali Machi 31, sawa na Tanzania na Kenya. Mwaka mwingine Oman na Unguja huenda zikapishana. Mtu aliyekata marejeo ya siku ya pili ya Idi kwa kuhesabu kalenda ya ukutani anaweza kujikuta kiwanjani asubuhi ambayo jamaa zake wanavaa kanzu kwenda msikitini. Anayesafiri kwa ajili ya Idi aipe tarehe yake siku mbili za ziada, au alipie haki ya kuisogeza.

Pingamizi la kwanza ni la wazee, nalo lina haki yake: kwa nini mtu ajisumbue, wakati kuna ndege ya moja kwa moja, saa tano na ushee, unapanda Maskati unashuka nyumbani? Kwa bibi wa miaka themanini anayehitaji kiti cha magurudumu, au kwa anayekwenda Unguja tu na kurudi, hakuna hoja ya kupinga. Ndege ya moja kwa moja ndiyo yake, hata ikizidi bei. Lakini kanuni haivunjwi na hilo. Familia moja si lazima isafiri kwa tiketi za aina moja. Wazee wanaweza kwenda moja kwa moja na kutulia Unguja, huku vijana wanaokwenda Mombasa na Kampala wakichukua tiketi ya milango miwili, na wote wakakutana huko. Kinachogharimu ni mazoea ya kuwalazimisha watu tisa wafuate njia ya mmoja kwa sababu tu wanatoka nyumba moja.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: vipande vilivyonunuliwa mbalimbali ni hatari. Ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halikujui, na tiketi yako imekufa. Ni kweli, na ndiyo maana kanuni inasema bahari ifungwe kwa tiketi moja. Ukiwa na tiketi moja kutoka Maskati hadi mji wako wa Afrika, ukikwama njiani ni kazi ya shirika kukutafutia ndege nyingine. Aprili 16, 2024 mvua ilizamisha Dubai na safari nyingi zikafutwa. Juni 23, 2025 Qatar ilifunga anga yake kwa saa kadhaa, na ndege zikageuzwa. Siku kama hizo, mwenye tiketi moja alikuwa na mtu wa kumdai, na aliyeunga tiketi mbili za mashirika yasiyojuana alibaki peke yake. Baada ya kuvuka, kipande cha bara kisiwekwe siku ile ile ya kufika. Msafiri alale kwanza usiku mmoja, kwa jamaa, bila gharama. Tahadhari hiyo ianzie hata nyumbani. Kutoka Nizwa au Ibra hadi kiwanja cha Maskati ni mwendo wa saa moja na nusu hivi, na kutoka Sur ni zaidi ya saa mbili, lakini mafuriko ya Aprili 2024 huko Sharqiyah, yaliyoua watu wakiwemo wanafunzi wa Samad al-Shan, yalikumbusha kwamba wadi haiheshimu saa ya ndege. Siku ya onyo la mvua, anayesafiri usiku aondoke asubuhi.

Wengine husema dawa ni Dubai: panda basi au gari, vuka mpaka, ukapande ndege ya bei poa huko. Wakati mwingine inalipa, hasa kwa kijana mmoja mwenye begi la mgongoni. Kwa familia, hesabu hugeuka haraka: nauli ya basi ya watu watano au mafuta na bima ya gari ya kuvuka mpaka, maegesho ya wiki tatu au jamaa wa kuwapeleka, chakula, mizigo inayolipiwa kwa kilo, na saa za kusubiri mpakani wakati wa likizo. Na safari nzima inakuwa na kiungo dhaifu mwanzoni kabisa: mkichelewa mpakani, hakuna wa kumlaumu. Nafuu ya riyali kumi na tano kwa mtu haitoshi kubeba mzigo huo. Ikifika riyali hamsini, na msafiri ni mmoja, ni jambo la kufikiriwa.

Tena wapo wanaosema kazi hii yote ni ya wakala, na kwamba yeye anajua. Wakala mzuri ni hazina, hasa kwa familia kubwa, kwa sababu anaweza kushika nafasi kwa siku chache kabla fedha hazijatimia. Lakini kushikiwa nafasi si kuwa na tiketi. Zile herufi na tarakimu sita alizokutumia ni alama ya nafasi tu. Tiketi yenyewe ina namba ya tarakimu 13, na tatu za mwanzo ni za shirika: 910 ni Oman Air, 071 ni Ethiopian, 157 ni Qatar Airways, 176 ni Emirates. Asiyeiona namba hiyo kwenye karatasi yake bado hajanunuliwa chochote. Mtu aombe pia masharti ya nauli kwa maandishi, na ahakikishe namba ya simu iliyowekwa kwenye safari ni yake. Mashirika husogeza saa za ndege mara kwa mara na kutuma taarifa. Kama namba iliyowekwa ni ya wakala aliyefunga duka kwa Idi, taarifa hiyo italala kwenye simu yake hadi ndege iondoke.

Mizigo nayo ni sehemu ya nauli, kwani hakuna anayetoka Nizwa kwenda kwa jamaa mikono mitupu. Halua, tende na kahawa vina uzito, na safari ya vipande mbalimbali hupimwa kwa kipande chenye ruhusa ndogo kuliko vyote. Shirika lililokuruhusu kilo 30 kuvuka bahari halina habari na ndege ndogo ya injini moja inayoruka baina ya visiwa na bara, ambayo huishia kilo 15. Basi zawadi zigawiwe mji wa kwanza, au kipande hicho kifanywe kwa boti. Na mifuko ya plastiki ibaki Oman: Kenya iliipiga marufuku mwaka 2017, Tanzania Bara mwaka 2019, na Zanzibar na Rwanda zilitangulia miaka mingi nyuma.

Huenda msomaji akasema kwamba Julai na Agosti hakuna ujanja, bei ni bei. Kwa sehemu ni sawa. Joto la Oman na likizo za shule huwasukuma watu kusini wakati ule ule ambao watalii wa Ulaya wanajaza Zanzibar, na viti havitoshi. Lakini uzito huo hauko sawa kila mlango. Zanzibar ndiyo inayovutia watalii wa fukwe. Dar es Salaam, Entebbe na Bujumbura hazibebi mzigo huo kwa kiasi kile. Anayeingilia Dar na kuvuka kwa boti, au anayeanza safari yake bara na kumalizia visiwani wiki ya mwisho ya Agosti, anakwepa kilele cha bei bila kupoteza siku hata moja ya likizo. Na asiyefungwa na shule, mstaafu au mama ambaye watoto wamekwisha kukua, ana masika ya Machi hadi Mei, wakati mvua inawafukuza watalii lakini haimfukuzi mjukuu wa Unguja.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, familia iketi na ijiulize maswali matatu, kwa mpangilio huu. Tutaingilia wapi na kumalizia wapi? Kipande gani cha njiani hakina mbadala? Na nani kati yetu huenda asirudi siku tuliyopanga? Jibu la kwanza linachagua tiketi ya bahari. La pili linaonyesha kipi cha bara kifungwe sasa na kipi kiachwe. La tatu linasema ni nani anayestahili tiketi ya kubadilika, na huyo peke yake. Wakala akikutana na familia yenye majibu hayo hana nafasi ya kuiuzia isichokihitaji, na simu yenye bei ya chini haina tena nguvu ya kuidanganya.